Karata za Waaguzi na Amri ya Kwanza



Amri ya kwanza ya Mungu watoto wetu huijua kwa moyo kabla hawajaweza kusoma vema. Nikiwauliza shuleni ni mambo gani yaliyokatazwa katika amri hiyo, hujibu kwa sauti moja: kuabudu sanamu, kumwendea mfumu, kuvaa hirizi. Wamejibu vizuri. Lakini wapo wakristu wakubwa, waliobatizwa, waliofunga ndoa kanisani, ambao wangeona haya kupita mlangoni pa mfumu mwenye kibuyu, na hao hao huketi bila aibu yoyote mbele ya kijana mwenye karata. Ukiwaonya hukujibu: "Mwalimu, huyu si mfumu. Karata hizi zimetoka Ulaya, zimepigwa chapa, zina na kitabu chake cha kuzieleza."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi. Tena siku moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja alinijia na swali ambalo sikulitazamia. Mume wake alikwenda Kolwezi kuchimba shaba, na kwa muda wa miezi mitano hakupata habari zake. Kwa huzuni alimwendea kijana mmoja aliyetoka mjini na mafungu matatu ya karata. Fungu la kwanza lilimwambia kwamba mumewe amepatwa na msiba. Mama alipoanza kulia, kijana akatoa fungu la pili, nalo likasema kuna tumaini na safari njema. Kwa fungu la tatu, lililo kubwa kuliko yote, kijana alitaka faranga nyingine. Basi mama akaniuliza: "Mwalimu, wewe uliyesoma, niambie, katika mafungu hayo ni lipi lisemalo kweli?"

Ningaliweza kumjibu kwamba yote ni dhambi, kisha nikaenda zangu. Lakini mtu mwenye hofu hatulizwi kwa neno moja. Afadhali tuyaweke mafungu hayo mezani, moja kando ya jingine, tutazame yametoka wapi na yanasema nini.

Kwanza niondoe shaka moja. Karata zenyewe si kitu kiovu. Kucheza karata na rafiki wakati wa jioni, pasipo kuhatarisha chakula cha watoto, si dhambi. Hata mapadri hucheza Jumapili jioni, nao hubishana kidogo juu ya turufu kama watu wengine. Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Waislamu, na ufundi wake unafanana na ule wa Misri ya wakati huo. Mwaka 1377 mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, Yohane wa Rheinfelden, aliandika juu ya mchezo huo mpya wa karata 52. Hakuulaani, bali aliutumia kuwafundisha watu mwenendo mwema, kila mmoja katika hali yake, tangu mfalme hata mtumishi.

Alama za karata za kale zilikuwa vikombe, panga, sarafu na fimbo. Waswahili wa pwani wamezihifadhi alama hizo katika maneno yao, pengine bila kujua. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno waliyoyapokea kwa Wareno, na maana yake ni vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Siku hizi alama zilizochapwa ni zile za Wafaransa: kopa ni moyo mwekundu, uru ni ile nyekundu ya pembe nne, pau ni jani jeusi lenye sehemu tatu, na shupaza ni ile nyeusi yenye ncha kama ya mkuki. Huku kwetu wengi huzitaja kwa Kifaransa, lakini mimi nitatumia majina ya pwani. Yashikeni majina hayo, maana tutayahitaji.

Fungu la kwanza la waaguzi ni hizo karata za kawaida, si zote 52, bali 32 tu, tangu saba mpaka ree. Mwaka 1770, huko Ufaransa, mtu mmoja aitwaye Jean-Baptiste Alliette alitoa kitabu cha kufundisha kuagua kwa karata hizo. Aliligeuza jina lake, akalisoma kutoka mwisho mpaka mwanzo, akajiita Etteilla. Kwa zile karata 32 aliongeza moja tupu ya kumwakilisha yule anayeuliza. Kisha akafundisha kwamba kila karata ina maana mbili, moja ikitokea imesimama sawa, nyingine ikitokea kichwa chini. Tazameni werevu huo! Karata isemayo "ndiyo" kwa upande mmoja na "siyo" kwa upande wa pili, itakosaje kusema kweli siku moja?

Fungu la pili lina karata 36, kila moja na namba yake na picha yake: mpanda farasi, merikebu, nyumba, nyoka, jeneza, mtoto, panya, ufunguo, nanga, msalaba, na nyinginezo. Mara nyingi juu ya picha huchapwa pia karata ya kawaida. Huitwa kwa jina la Marie-Anne Lenormand, mwaguzi aliyevuma sana Paris, aliyezaliwa mwaka 1772 na kufa mwaka 1843. Wanunuzi hudhani kwamba wananunua hekima yake. Sivyo hata kidogo. Fungu hilo lilipewa jina lake baada ya kifo chake. Picha zenyewe zilitoka katika mchezo wa watu wa nyumbani, uliotungwa yapata mwaka 1799 na Johann Kaspar Hechtel wa Nürnberg, Ujerumani, nao uliitwa Mchezo wa Tumaini. Wachezaji walizipanga karata 36 mezani kwa safu sita, wakatupa dadu, wakasogeza alama zao kutoka picha hata picha. Aliyefika kwenye nanga, namba 35, ndiye aliyeshinda. Ndiyo asili ya karata zilizomwambia yule mama kwamba kuna tumaini: mchezo wa dadu wa kupitishia jioni.

Fungu la tatu ndilo kubwa, nalo huitwa taroti. Lina karata 78. Kati yake 56 ni za vikombe, panga, sarafu na fimbo, na 22 ni za picha kubwa: Mfalme Mkuu, Papa, Haki, Kiasi, Kifo, Shetani, Nyota, Mwezi, Jua, Hukumu ya Mwisho, na kadhalika. Lilianza Italia ya kaskazini yapata mwaka 1440, katika nyumba za watawala, nalo lilikuwa la kuchezea. Zile picha 22 zilikuwa turufu, basi. Watu walilichezea zaidi ya miaka mia tatu. Ndipo mwaka 1781 mtu mmoja wa Paris, Antoine Court de Gébelin, aliyewahi kuwa mchungaji wa Waprotestanti, aliandika kwamba taroti si mchezo, ila ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Alijuaje? Hakujua. Maandishi ya Wamisri hakuna mtu aliyeweza kuyasoma wakati ule. Champollion alifumbua siri yake mwaka 1822. Na tangu yaliposomwa, katika makaburi na mahekalu yote ya Misri haikuonekana taroti hata moja. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na yule Etteilla alilidaka upesi, akatoa kitabu cha taroti, kisha akatengeneza karata zake mwenyewe.

Taroti iliyoenea zaidi leo ilichapwa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite aliitunga, na picha zake zilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith. Zamani karata ndogo za taroti zilikuwa na alama tupu, vikombe vitano au panga sita. Yeye alichora watu na mambo yao katika kila karata, na kwa hiyo zikapendwa. Mwenyewe alimwandikia rafiki yake kwamba kazi ilikuwa kubwa na malipo madogo. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1911, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Alihamia Cornwall, upande wa kusini-magharibi wa Uingereza, akatunza nyumba ya kupumzikia mapadri, akafa mwaka 1951 katika mji wa Bude, pasipo mali. Mamilioni ya watu hushika picha zake na kutafuta ndani yake mambo ya kesho. Aliyezichora aliyatafuta mambo ya kesho mbele ya altare. Nampenda mama huyu, na mara nyingine humkumbuka katika Misa.

Sasa tuyalinganishe. Nichague karata moja tu, tisa ya shupaza. Katika fungu la kwanza, la karata za kawaida, waaguzi wengi huihesabu kuwa mbaya kuliko zote: msiba, hasara, hata kifo. Katika fungu la pili, tisa ya shupaza imechapwa juu ya picha namba 35, ile nanga, na maana yake ni tumaini na usalama. Katika taroti ya mwaka 1909, tisa ya panga, ambayo ndiyo shupaza kwa alama ya kale, inaonyesha mtu ameketi kitandani usiku, amefunika uso kwa mikono, na panga tisa ziko juu yake. Huyo analia, kwa hiyo kifo kimegeuka kuwa machozi ya usiku.

Tena tazameni pau. Katika karata za kawaida, pau ni aina njema, ya kazi na fedha na mafanikio. Katika fungu la pili, pau zimechapwa juu ya mawingu, nyoka, mjeledi, mbweha, dubu, mlima, panya na msalaba; kilichobaki ni pete moja tu. Basi mfanyabiashara akitokewa na pau nyingi, afurahi au alie? Jibu linategemea kijana amenunua fungu gani sokoni.

Mtakatifu Agostino, kabla hajaongoka, aliwasadiki watazama nyota. Anatueleza mwenyewe jinsi alivyofunguliwa. Rafiki yake Firminus alimsimulia kwamba yeye alizaliwa saa ile ile aliyozaliwa mtoto wa mtumwa katika nyumba nyingine. Nyota zao zilikuwa zile zile hasa, lakini mmoja alikua tajiri, na mwingine aliendelea kuwatumikia mabwana zake. Agostino akaona kwamba mtazama nyota, ili aseme kweli juu ya wote wawili, angelazimika kusema maneno mawili mbalimbali kwa nyota zile zile. Ndivyo ilivyo kwa karata, ila hapa jambo ni jepesi zaidi kuliona: karata ni ile ile, maneno ni matatu, na kila neno lina bei yake.

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa. Anasema: "Mwalimu, mambo ya karata ni ya Wazungu, yatuhusu nini?" Baba, yatuhusu sana. Baluba wa Katanga wanaijua mboko, kile kibuyu chenye pemba na vitu vidogo vidogo ndani yake: vinyago vya watu, mbegu, makucha, midomo ya ndege. Bilumbu hukitikisa, kisha hutazama kitu gani kimekaa kando ya kitu gani, na kwa hayo husema habari za ugonjwa na za wafu. Na mwenye karata 36 hufanyaje? Huzichanga, huzipanga, hutazama kama jeneza limekaa karibu na mtoto au mbali naye. Mmoja ana kibuyu na mwingine ana karatasi, na tendo ni lile lile. Nabii Ezekieli anatuonyesha mfalme wa Babeli amesimama kwenye njia panda, anatikisa mishale ili ajue auendee mji upi kwa vita, anatazama na ini la mnyama. Hakuwa Mluba, wala hakuwa Mfaransa. Kosa hili halina kabila, na mtambo wa kupigia chapa haukuligeuza kuwa elimu.

Wapo wanaosema kwamba karata zao zina Papa, zina malaika, zina msalaba, basi haziwezi kumchukiza Mungu. Hata siku hizi huuzwa mafungu yaitwayo karata za malaika, na wengine huyatazamia katika simu. Mwanamke mmoja wa Marekani, Doreen Virtue, aliyepata sifa kubwa duniani kwa kutunga mafungu hayo, aliyakana hadharani baada ya kuongoka mwaka 2017, akawaonya watu wayaache. Na ule msalaba wa fungu la pili, namba 36, mnajua waaguzi wameupa maana gani? Mzigo na mateso, karata ya kuogopwa. Ndugu mkristu, unafanya Ishara ya Msalaba asubuhi ukiamka na jioni ukilala. Kwa nini utetemeke mchana kwa sababu Msalaba umeonekana mezani pa mtu?

Lakini mwenye karata aliniambia kweli, asema mwingine. Alijua kwamba nina huzuni moyoni na kwamba ndugu yangu ananionea wivu. Na ni nani asiye na huzuni moyoni? Mwaka 1948, huko Marekani, mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi ya kueleza tabia ya kila mmoja, kana kwamba ameichunguza kwa mtihani, akawaomba wapime ukweli wake kwa alama, tangu sifuri mpaka tano. Kwa wastani walitoa alama zaidi ya nne. Halafu akawafunulia kwamba wote walipewa maneno yale yale, ambayo sehemu kubwa aliyatoa katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa sokoni. Mwenye karata hufanya vivyo hivyo, tena ana macho. Huona pete kidoleni, kitambaa cha matanga, viatu vilivyochakaa. Anasema maneno kumi. Tisa yakianguka chini unayasahau kabla hujafika nyumbani, na moja likigusa, unalisimulia mwaka mzima. Sisemi kwamba Shetani hana mkono katika mambo haya. Katika mji wa Filipi Mtume Paulo alimkuta kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na mabwana zake walipata faida kubwa kwake. Mtume alimfukuza pepo, na mabwana wakakasirika kwa sababu faida yao imetoka pamoja naye. Ila mara nyingi Shetani hahitaji kujichosha kuleta pepo. Inamtosha kwamba watu wamemwacha Baba yao na kuuliza karatasi.

Wakatekumeni wenye akili huniuliza pia: je, Mitume hawakupiga kura walipomchagua Matia? Walipiga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kupambanua kura za namna tatu. Ipo kura ya kugawa, kama ndugu wanapogawana mashamba na hawapatani nani achukue lipi. Hiyo si kosa, ikiwa wote wameridhia. Ipo kura ya kutafuta lililo la kutenda. Hiyo haifai ila kwa haja ya kweli, kwa sala na heshima. Na ipo kura ya kutaka kujua mambo yatakayokuja, na hiyo ni uaguzi. Mitume waliwaweka watu wawili wema mbele ya Mungu, wakasali, wakamwachia Yeye achague. Hawakuuliza Matia atakufa lini. Tena walifanya hivyo kabla ya Pentekoste. Alipokwisha kushuka Roho Mtakatifu, hatusomi tena kwamba walichagua mtu kwa kura.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo si faranga zinazopotea. Katika karata za kawaida, malkia wa shupaza ni mjane. Vitabu vingi vya waaguzi humwita mwanamke mbaya, mwenye kijicho, wa kujihadhari naye. Katika fungu la pili, malkia huyo huyo wa shupaza yuko juu ya picha namba 9, shada la maua, maana yake furaha na zawadi. Watu wa Paris waliposikia "mjane mwenye kijicho" labda walicheka, wakaenda kula. Lakini fikirini maneno hayo yakitamkwa kwetu, katika nyumba ambamo mtoto amekufa kwa homa juma lililopita. Mjane gani? Aliye karibu. Nani aliye karibu? Bibi yake marehemu, anayelala jikoni. Hakuna aliyetaja jina lake, karata haikusema kitu, na hata hivyo kabla ya jua kuchwa mama mzee anatolewa nje na mkeka wake. Kama kijana angechukua fungu la pili, bibi huyo angepewa maua.

Jambo hilo hilo huwapata na watoto. Mtoto mkimya, au anayekojoa kitandani, au aliyefiwa na mama, huonyeshwa kidole kwamba yeye ndiye mchawi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaadhibu kosa hilo. Sheria ya Mungu ilitangulia zamani sana. Asiyetunza amri ya kwanza, ya kumtumaini Mungu, hukawia kidogo tu kabla hajavunja na ya nane, ya kutomshuhudia jirani uwongo, na mara nyingine hufika hata ya tano.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kimewataja waaguzi wa kila namna, kikawakataza wote pamoja, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inarudia neno hilo hilo kwa watu wa siku zetu, haikuacha namna yoyote ya uaguzi. Kwa nini Mungu akatukataza? Si kwa kuwa anatunyima kitu chema. Mfalme Sauli alipokuwa na hofu ya Wafilisti alimwendea usiku yule mwanamke wa Endori, amebadilisha nguo ili asitambuliwe. Alitoka kwake bila nguvu, hata chakula kilimshinda, ikabidi wamsihi ale. Aliingia na hofu moja, akatoka na hofu kubwa zaidi. Yezu Kristu, alipotaka kututoa katika mahangaiko ya kesho, hakutufunulia kesho. Alituonyesha ndege na maua, akatuambia tunaye Baba anayejua tunayoyahitaji.

Je, mkristu aketi tu akingoja? Hapana. Yule mama niliyemtaja, tulikaa naye chini ya mwembe wa shule, tukaandika barua. Niliielekeza kwa katekista mmoja wa Kolwezi ninayemfahamu, nikataja jina la mume, kijiji chake na mahali alipokuwa akichimba. Tukasali Rozari fungu moja, akaenda shambani. Baada ya majuma mawili jibu likaja: mtu yu mzima, simu yake iliibwa, na kwa kukosa faranga aliona haya kurudi. Mambo yangaliweza kuwa mabaya. Wachimbaji wengi wamefukiwa na udongo katika mashimo yale, na barua ingeleta kilio. Hata hivyo ingekuwa habari ya kweli, na tungalimlilia mtu aliyekufa kweli, kwa Misa na matanga, si kivuli kilichotoka katika karatasi.

Basi, mgonjwa apelekwe hospitali kwanza, siku ile ile, maana homa ya mtoto haingoji. Mwenye mashaka juu ya mumewe amwulize mumewe, au wazee waliosimamia ndoa yao. Mwenye kufiwa amwite padri au katekista. Tuko kwa ajili hiyo, hata usiku. Mwanafunzi anayetaka kujua kama atashinda mtihani wa serikali nitamjibu mimi mwenyewe nikitazama daftari lake, wala sitamdai kitu.

Na aliye na fungu la kuagulia nyumbani mwake, la picha 36 au lile kubwa la taroti, asiliuze kwa mwingine ili kurudisha faranga zake. Wakristu wa Efeso walivileta vitabu vyao vya uganga vilivyopata thamani ya vipande 50,000 vya fedha, navyo walivichoma moto mbele ya watu wote. Hakuna aliyekwenda navyo sokoni. Karata za kawaida za kuchezea zinaweza kubaki, mradi zirudie mchezo wake. Aliyekuwa akiwaagulia watu kwa malipo amwulize padri namna ya kuwarudishia mali yao, na kama kwa maneno yake mtu ametolewa nyumbani kwake, aende kwanza kwa watu wa nyumba hiyo akayafute maneno hayo mbele yao wote, kabla bibi huyo hajalala nje usiku mwingine. Katika parokia yetu maungamo husikilizwa kila Jumamosi tangu saa tisa za alasiri, na Jumapili kabla ya Misa ya kwanza.